Dari Nani Aliiziba?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi.

Wiki hii tuko Marko 2:1-12, habari ya yule mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne mpaka kwa Yesu kule Kapernaumu. Wengi wetu tunaijua tangu shule ya Jumapili. Naomba uisome tena kabla ya kuendelea, na kama nyumbani yupo mtu wa kukusikiliza, isome kwa sauti.

Mimi nilimsomea bibi yangu kwa sauti nikiwa darasa la nne, usiku, kwa kibatari, ndani ya nyumba yake ya tembe huko Chamwino. Bibi hakujua kusoma, lakini kusikiliza alijua kuliko wengi wetu tunaosoma.

Kwa vijana waliokulia chini ya bati niseme kidogo habari za tembe. Nyumba ile haina paa la mgongo, juu ni tambarare. Kuna nguzo, juu ya nguzo mihimili, juu ya mihimili fito zilizopangwa karibu karibu, kisha majani, kisha udongo ulioshindiliwa. Tulianika mlenda kule juu, tukaanika na uwele, na sisi watoto tulipenda kupanda kucheza. Bibi akiwa chini anapika utamsikia: "Nani huyo anakanyaga? Teremka, unanimwagia vumbi kwenye mboga!" Hatua moja tu ya mtoto wa miaka tisa ilitosha kuangusha udongo ndani ya sufuria.

Basi nilipofika pale pasemapo "waliitoboa dari pale alipokuwapo", bibi akanishika mkono.

"Rudia hapo, mjukuu wangu."

Nikarudia.

"Wanatoboa, na Bwana amekaa chini yake?"

"Ndiyo, bibi."

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anaona kitu ambacho mimi sikukiona: udongo unamwangukia Yesu kichwani na mabegani, majani makavu yanatua kwenye mavazi ya waandishi, wale walimu wa sheria, watu wanakohoa, watoto wanalia, na jua linaingia mahali ambapo halijawahi kuingia tangu nyumba ijengwe. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho, mtu akaondoka, akajitwika godoro lake, watu wakamtukuza Mungu. Nikafunga kitabu. Bibi akauliza, "Na dari nani aliiziba?"

Nilifungua tena nikatafuta. Haimo.

Miaka mingi nimelibeba swali lile nikidhani ni la kimama tu, swali la mtu aliyezoea kuhangaika na nyumba. Mwaka huu limenirudia kwa uzito mwingine, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na mstari wa tano. "Naye Yesu, alipoiona imani yao, akamwambia yule mwenye kupooza, Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Ni kweli Bwana aliyajua ya moyoni, na mstari wa nane unasema wazi kwamba alitambua wanachofikiri waandishi. Lakini hapa Marko ameandika "alipoiona". Kilichokuwa kinaonekana chumbani ni nini? Ni tundu kwenye dari, watu wanne wenye udongo mpaka viwiko, na mwenzao anashuka. Hawakusema neno hata moja. Soma uone, Marko hakuandika ombi lolote kutoka vinywani mwao.

Mwezi Machi, mvua zilipokuwa zimechachamaa, kijana fundi wa mtaani kwetu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa. Mnajua jinsi mji wetu unavyojengwa tangu Serikali ihamie Dodoma, na jinsi vijana wengi wanavyokula kwa mwiko na timazi. Uti wa mgongo uliumia. Alilazwa, akatibiwa, akarudishwa nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga ng'ambo ya korongo. Siku chache baadaye homa ikampanda usiku. Bajaji ilikuja ikasimama ukingoni, kwa maana maji yalikuwa yanapita. Basi tukachukua godoro lake tukalifunga juu ya mbao mbili, naye akiwa juu yake, tukamnyanyua watu wanne.

Nataka niseme jinsi ilivyo, kwa sababu kabla ya usiku ule sikuwahi kujua. Mrefu lazima ainame. Mwenye haraka lazima apunguze, kwa maana mmoja akitangulia nusu hatua, mgonjwa anapiga kelele. Wa nyuma haoni anakokanyaga, wa mbele ndio wanaomwambia: jiwe, shimo, maji. Mkono unakufa ganzi na huwezi kubadilisha mkono bila kuwaambia wenzako. Wa nne wetu alikuwa dereva wa ile bajaji, jirani yetu Mwislamu kutoka Kondoa, ambaye aliacha chombo chake ng'ambo taa zikiwaka, akakunja suruali, akaingia majini kutufuata. Bila yeye tungekuwa watatu.

Katikati ya maji, fundi akasema, "Mzee, mimi hata sijaokoka. Kanisani kwenu sijawahi kuingia. Mbona mnanibeba?"

Mzee wetu, katibu wa jumuiya, alimjibu bila kusimama: "Mwanangu, tukifika ng'ambo tutaongea. Sasa hivi usijitikise."

Wakaongea kweli, si usiku ule tu. Mzee alikwenda hospitali kila alipopata nauli, na baadaye akawa anakwenda nyumbani. Mwezi Juni yule kijana mwenyewe aliomba aitiwe mchungaji. Alisema anataka kumpokea Kristo, naye akampokea akiwa amelala chali, macho yanatazama bati. Sisi tuliokuwapo tulilia.

Hajainuka. Nalisema hili waziwazi kwa sababu tumezoea shuhuda zinazoishia na mtu kukimbia ukumbini, na yule ambaye hajakimbia anabaki na aibu isiyo yake. Katika Marko 2 Bwana alifanya mambo mawili kwa mtu mmoja. La kwanza alisamehe dhambi, na hapo mtu yule bado alikuwa amelala vilevile, miguu imekufa vilevile. Kama Yesu angeishia hapo, mtu yule angekuwa tayari amepewa kile ambacho hakuna daktari, mchungaji wala rafiki angeweza kumpa. Waandishi walilielewa hilo vizuri, ndiyo maana walikasirika: nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu? Swali lao lilikuwa sahihi kabisa, na jibu lilikuwa limesimama mbele yao na udongo mabegani. Jambo la pili, lile la kuondoka na kujitwika godoro, Bwana alilifanya ili wajue kwamba Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi. Kwa ndugu yetu tumeliona la kwanza. La pili tunaliomba kila Alhamisi, na tutaendelea kuliomba.

Lakini yapo maneno yaliyosemwa kitandani pake ambayo siwezi kuyanyamazia. Alitokea mtu akamwambia kwamba hatembei kwa kuwa imani yake ni ndogo. Ndugu yangu, ukienda kwa mgonjwa na neno hilo, umemwekea jiwe kifuani mtu ambaye hawezi kujigeuza. Marko hasemi Yesu aliiona imani ya mgonjwa peke yake, anasema "imani yao". Waliokuwa na nguvu za kuamini kwa mikono na miguu ni wale waliokuwa juu ya dari. Kama uponyaji unachelewa na lazima tumpime mtu imani, basi tuanze kwa kuwapima wenye afya.

Wala sisemi kwamba mtu anaweza kuokolewa kwa imani ya mwenzake. Mjomba wako hakuamini kwa niaba yako, wala mama yako, hata akesha akiomba. Wale wanne walifika mwisho wa uwezo wao pale walipomshusha, na msamaha hawakuwa nao wa kumpa. Paulo anawaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo, halafu mistari mitatu mbele anawaambia kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Zamani niliona kama anajipinga. Siku hizi namwona yule mtu wa Kapernaumu anatoka mlangoni amejitwika godoro lile lile lililokuwa limembeba, na yote mawili yanakaa pamoja bila shida. Tunaokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, kama asemavyo Waefeso 2:8. Na mstari wa kumi unasema tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Tusikimbilie wa nane tukauacha wa kumi.

Kuna watu wengine katika habari hii ambao hatuwahubiri sana: wale waliojaza mlango. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kusikia neno la Bwana, wakawahi, wakapata nafasi nzuri, na migongo yao ndiyo ikawa ukuta mbele ya mtu aliyemhitaji Bwana kuliko wote. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Hili linaniuma, kwa sababu miezi ile fundi anaumwa sisi tulikuwa na kwaya nzuri, tulikuwa na semina, na wapo tulioishi mita mia mbili kutoka kwake ambao hatukujua jina lake mpaka alipoanguka. Nami nilikuwa mmoja wao.

Majina ya wale wanne Marko hakuyaandika. Hapa kwetu pia kuna watu wa namna hiyo. Watu wa CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Mpwapwa mwaka 1876 hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Kila Biblia na kila chupa ya dawa ilitoka pwani kichwani na begani kwa wapagazi, wakikatiza nyika hizi zenye maji machache. Majina ya wamishonari tunayo vitabuni. Ya wapagazi hatunayo, na Injili tuliyo nayo ilipita juu ya vichwa vyao.

Sasa nirudi kwa bibi. Usiku ule, nilipomwambia kwamba haimo, alikaa kidogo akichochea moto, kisha akajijibu mwenyewe: "Watakuwa wamerudi kesho yake na udongo." Haimo katika Neno, nami siifundishi kama Neno. Lakini namwamini bibi alivyomjua mtu. Mtu aliyetembea njia nzima akimsikiliza mwenzake anavyopumua, haachi nyumba ya watu wazi mvua zikikaribia. Na huyo mwenye nyumba naye, pengine ni Simoni Petro maana sura ya kwanza inamtaja kuwa na nyumba mji ule, hatusikii akilalamika. Mtu fulani alisamehewa dhambi zake chini ya tundu la nyumba ya mtu mwingine. Mara nyingi huduma ni hivyo: baraka inashuka mara moja, watu wanaimba, wanatawanyika, halafu linabaki tundu. Kodi ya miezi mitatu haijalipwa. Vidonda vya kulala vinahitaji mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku. Mke wa mgonjwa hajalala tangu Jumanne.

Jumuiya yetu imepata kiti cha magurudumu kwa ajili ya fundi. Tulipokipeleka kwake tukagundua kwamba mlango wa chumba hautoshi, kiti kimebaki uani, naye yuko ndani. Tangu Machi hajaona jua isipokuwa siku za kwenda hospitali, na siku hizo alibebwa.

Tulikwenda kwa mama mwenye nyumba. Ni mjane, na vyumba vile vinne ndivyo vinavyomlisha. Tulikuwa tumejiandaa kumbembeleza. Alitusikiliza, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akaupima kwa mikono, akasema, "Bomoeni."

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa moja asubuhi kabla jua halijakaza, tunakutana kwake. Tutatoa fremu, tupanue ukuta upande wa kulia, tuweke fremu mpya, na kizingiti kiondoke. Dereva wetu wa bajaji ameahidi kuja na ndugu zake wawili. Fundi amesema atasimamia kazi akiwa kitandani, maana ameona jinsi tunavyoshika mwiko. Ameagiza tofali tutakazozitoa zisitupwe, zinatosha kujenga mteremko wa kushukia uani. Mwenye sululu aje nayo, makarai tunayo mawili. Akina mama wamesema uji utakuwepo.

Mama mwenye nyumba ametupa sharti moja tu, kwamba tumalize kuziba kabla ya mvua ya kwanza, na mawingu mmeyaona wenyewe juzi upande wa Mvumi. Saruji mifuko miwili imepatikana. Mchanga bado.