Kutu ndani ya mishipa

Jana jioni nimerudi kutoka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na sato wawili, nikakuta chupa mpya kabatini kwa Mama. Vitamini E. Jirani amemwambia inaondoa kutu kwenye mishipa, naye akatoa pesa aliyoiweka kwa dawa ya sukari. Moyo uliniuma, nikanyamaza.

Tena si uongo mtupu. Kutu, kwa namna yake, ipo. Sukari ikijaa kwenye damu, seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa haziwezi kuizuia mlangoni, inaingia tu. Humo mitokondria, vile vinu vya nguvu, huzidiwa na kumwaga supaoksaidi, oksijeni kali inayounguza kila inachogusa. Michael Brownlee wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 2001. Supaoksaidi huiteka naitriki oksaidi, gesi inayouamuru mshipa ulegee. Isipokuwepo, mshipa hukakamaa. Mishipa midogo inayolisha neva za miguuni huumia pia, na Mama siku hizi hukanyaga changarawe za Igogo asisikie.

Kwa hiyo nami zamani niliamini antioksidanti ya kidonge, yaani kitu kama vitamini E kinachozima oksijeni hiyo kali, ingemsaidia. Lakini utafiti wa HOPE, uliotoa majibu mwaka 2000, uliwafuatilia watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi moja wakiwa na kisukari: vitamini E haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Mwaka 2002 Uingereza wakatoa majibu ya watu zaidi ya 20,000 waliopewa E, C na beta-karotini au vidonge vitupu visivyo na dawa. Hakukuwa na nafuu.

Baadaye nilimweleza Mama kwa lugha ya marehemu Baba, aliyevua ziwani maisha yake yote: mtumbwi ukitoboka, unaweza kuchota maji hadi alfajiri, bila kuziba tundu ni kazi bure. Tundu ni sukari yenyewe, na presha. Dawa aliyoacha kununua ndiyo inayoziba.

Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo mchicha na mapera niache, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Hivyo ule. Ugali ndio upunguze."

Kisha nikaomba miguu yake. Nikamulika kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Chini ya kidole kidogo cha kushoto kuna mchubuko mbichi, na yeye hakuwa na habari nao. Nimeuosha, nimeufunika kwa kitambaa safi. Asubuhi tunawahi kliniki, na pesa ya dawa nimeshaiweka kwenye mkoba wake.