Miaka 9 Bila Kunyeshewa

Kwa miaka 9 nilikuwa nikimwacha rafiki yangu kwenye gari.

Tulikuwa sita, tumezoeana tangu shuleni, na kila tukipata siku ya mapumziko tulikwenda kupanda vilima. Yeye ndiye aliyetuzoesha. Alikuwa akitangulia, halafu anatusubiri juu huku akipiga mluzi. Kisha akaanguka, uti wa mgongo ukavunjika pale shingoni, miguu ikapooza na vidole vikakataa kukunja. Alikuwa na miaka 26. Hatukumtupa. Tulimbeba hadi garini, tukaenda naye, tukamtafutia kivuli, tukamfungulia madirisha. Kisha sisi tukapanda, yeye akabaki na mabegi. Tukishuka tunamwonyesha picha.

Siku moja nilimsogezea simu aone tulikofika. Hakuitazama. "Kaka," akaniambia, "mimi si mlinzi wa mabegi."

Watu walimpenda na kila mmoja alimtumia video za kumtia moyo. Alitumiwa ya Mark Wellman, aliyepooza miguu na bado akaupanda ukuta wa mwamba wa El Capitan mwaka 1989 kwa nguvu za mikono. Alitumiwa ya Erik Weihenmayer, asiyeona, aliyefika kilele cha Everest mwaka 2001. Aliwaheshimu sana watu hao, lakini alichoka kupewa habari zao kama vidonge. "Wenzangu hawa wanataka kilele," alisema. "Mimi nataka njia. Nataka matope, nataka nzi, nataka mtu anigombeze kwamba nawachelewesha."

Kwenye simu yake alihifadhi Ibara ya 30 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2006. Inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanashiriki burudani, mapumziko na michezo kwa usawa na wengine, na watoto wenye ulemavu wanapata kucheza kama watoto wengine. Mlinzi mmoja wa hifadhi alipotuambia kwamba kwa mtu kama yeye benchi la getini linatosha, alimsomea ibara hiyo yote, polepole, kwa adabu. Hatukuruhusiwa kuingia. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa mchangamfu kuliko sisi.

Kilichotufungulia mlango ni kiti cha gurudumu moja. Kinaitwa Joëlette, na alikibuni Mfaransa, Joël Claudel, mwaka 1987, kwa sababu alikuwa na mpwa mwenye ugonjwa wa misuli na alitaka kwenda naye milimani. Nimeipenda habari hiyo tangu niliposikia: hakubuni kwa ajili ya "walemavu" wasio na sura, alibuni kwa ajili ya mtoto wa nduguye. Gurudumu liko chini ya kiti, katikati. Mtu mmoja yuko mbele anavuta, mwingine yuko nyuma anashikilia mizani na breki, na njia ikiwa mbaya wengine wanasaidia pembeni. Pale kiti cha kawaida kinapokwama kwenye mizizi na mawe, hiki kinapita, mradi njia iwe na upana wa kupita mtu.

Tuliazima kimoja kwa siku moja. Tulikuwa karibu na nusu ya mlima mvua ikaanza. Mimi mbio kwenye begi, nikatoa koti la mvua, nikaanza kumfunika kichwa. Akaliondoa kwa kiwiko. "Acha. Miaka 9 sijanyeshewa."

Nilisimama na lile koti mkononi. Ni kweli. Tangu aumie, wingu likitanda tu, mtu alimkimbiza ndani. Sote tulifanya hivyo na sote tulidhani ni upendo. Alifumba macho, akainua uso, maji yakamtiririka hadi ndevuni. Mwili wa mtu aliyeumia shingoni hauwezi kudhibiti joto lake vizuri, kwenye jua hauwezi kutoa jasho inavyotakiwa na kwenye baridi unapoa haraka, kwa hiyo baada ya muda mfupi tulimfuta, tukambadilisha nguo, tukamfunga blanketi. Yeye ndiye aliyesema sasa inatosha. Kisha akapiga mluzi.

Miezi 5 baadaye alifariki. Kidonda cha shinikizo, kile kinachotokana na kukaa au kulala mkao mmoja, kiliingia uambukizo na ukasambaa katika damu. Siwezi kuandika zaidi kuhusu wiki zile.

Watu walipoanza kuchanga wakataja jiwe kubwa la kaburi. Sisi watano tuliomba familia ituruhusu tununue kiti kama kile, tuwapandishe milimani wengine wenye ulemavu. Jiwe lipo, dogo.

Kununua ndiyo kazi rahisi. Wachangiaji wanapenda kiti kipya na picha ya siku ya kukabidhi. Kuomba pesa za tyubu, pampu na nyaya za breki ni shughuli nyingine, na mimi naona huko ndiko msaada wa kweli uliko. Kiti chenye pancha ni fanicha. Leo mkitaka kuchangia kikundi chochote cha namna hii, waulizeni wanahitaji spea gani.

Mengine tulijifunza kwa kukosea. Matembezi yetu ya kwanza nilimnyanyua dada mmoja kutoka kwenye kiti chake bila kumuuliza, nikidhani nafanya haraka ili asichoke kusubiri. Alinitazama, akasema, "Kaka, mwili huu una mwenyewe." Niliomba radhi, na siku hizi ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wanaojitolea: uliza, ngoja jibu, kisha fuata maelekezo yake, maana yeye ndiye anayejua bega lipi linauma. Siku moja kabla ya safari, wawili wetu hutembea njia yote na kuangalia choo. Choo kisicho na mlango wa kupitisha kiti humfanya mtu asinywe maji tangu asubuhi, na hatakwambia. Kila baada ya nusu saa hivi tunasimama, aliyeketi ahamishiwe uzito kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapo siruhusu mjadala wa "tumekaribia kufika".

Wasioona hushika kiwiko cha mwenzao au ncha ya kamba fupi, na tumeacha kuwasimulia mandhari kama redio. Mzee mmoja alitusihi tunyamaze, asikie upepo unavyobadilika tukitoka msituni. Kwa viziwi, anayeongoza husimama, hugeuka, ndipo mkalimani akafasiri. Hakuna anayeweza kutazama mikono ya mkalimani na mawe ya njiani kwa pamoja. Na mvua ikinyesha, tunamuuliza kila mtu kabla ya kumfunika.

Mama yake hakuja kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwingiza ndani kila mawingu yalipotanda, na nilihofu kwamba kile kiti kilikuwa kinamuumiza. Mwezi uliopita alitokea asubuhi amevaa viatu vya mwanawe, amevijazia soksi mbili. Tulikuwa na kijana wa miaka 14, mara yake ya kwanza. Mama akaniambia, "Mwanangu, nipe mimi breki."

Nikamwonyesha: vidole viwili juu ya kila wenzo, usibane ghafla, msikilize kijana akisema punguza. Alishuka nasi mteremko wote hivyo, hasemi kitu, macho yako kwenye kisogo cha yule mtoto. Chini aliachia mishikio, akanyoosha vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi.

"Waya wa kushoto umelegea," akasema. "Ukazeni kabla ya Jumamosi ijayo."