Usije Ukaitwa John Doe

Hapa Marekani mtu asiyejulikana hakosi jina. Mwanamume huitwa John Doe, mwanamke Jane Doe, na kichanga kilichookotwa huandikwa Baby Doe. Wengi wetu tunakutana na jina hilo kwanza kwenye mfano wa fomu, limejazwa kuonyesha pa kuandika, tunalipita. Mimi ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, Kentucky, na kazini jina hilo lina uzito mwingine kabisa.

Mgonjwa akiletwa hana fahamu wala kitambulisho, hawezi kukaa bila jina. Kabla ya kumpa dawa, kumtundikia damu au kumchukua kipimo, utaratibu wa hospitali za hapa unataka umhakiki kwa vitu viwili, kwa kawaida jina na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya chumba haikubaliki. Kwa hiyo anapewa jina la muda na tarehe ya muda, vinachapishwa kwenye utepe wa mkononi. Ziko hospitali zinazobuni jina tofauti kwa kila mgonjwa wa namna hiyo, maana wakilala Doe wawili wodi moja, damu ya huyu yaweza kutundikwa kwa yule.

Doe mwenyewe alizaliwa mahakamani, Uingereza. Zamani mwenye ardhi aliyetaka kudai shamba lake alikuta njia za kisheria ndefu na ngumu, ila mpangaji aliyefukuzwa alikuwa na njia fupi. Basi mawakili waliandika kwamba shamba lilipangishwa kwa John Doe, naye akafukuzwa na Richard Roe. Wote wawili hawakuwahi kuwepo duniani. Bunge la Uingereza lilifuta mchezo huo mwaka 1852, lakini majina yalikwisha kuvuka bahari. Ile kesi maarufu ya utoaji mimba ya mwaka 1973 hapa Marekani, Roe v. Wade, imebeba jina hilohilo: mlalamikaji aliitwa Jane Roe ili asijulikane.

Kiingereza kina majina mengi ya watu wasio na cheo. Waingereza wana Joe Bloggs, Wamarekani wana Joe Schmoe, na wote husema Tom, Dick and Harry wakimaanisha yeyote tu anayepita. Hayo hayaniumizi, sisi tunaye fulani bin fulani, na Wakenya wana Wanjiku wao. Hata thingamajig, kile kitu ambacho jina lake limekutoka, ni nanihii yetu tu. Linaloniuma ni la mahali. Mtu akitaka kusema mbali kusikojulikana, husema Timbuktu. Timbuktu ni mji wa watu, uko Mali, ulikuwa na wanazuoni wa Sankore, msikiti uliokuwa pia chuo, na maktaba za miswada ambazo wenyeji walizitorosha kwa siri mwaka 2012 zisichomwe na wapiganaji. Na boondocks, neno lao la kijijini ndani ndani, ni bundok, yaani mlima kwa Kitagalogi. Askari wa Marekani walilitoa Ufilipino. Milima ya wenzao ikageuka jina la pasipo na kitu.

Sasa nije kwetu, wahamiaji. Pasipoti yako ikiwa na jina moja tu, viza ya Marekani huandika jina hilo kama la ukoo, na pa jina la kwanza huwekwa FNU, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba jina la kwanza halijulikani. Herufi hizo huhama: kutoka viza kwenda leseni, kutoka leseni kwenda benki na kazini. Mwishowe mtu mzima anasimama kaunta anaitwa "Fnu!" kama jina alilopewa na wazazi wake. Na wakimbizi ambao tarehe yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote, wakiwemo ndugu zetu Wakongo waliopitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma, wamejazwa tarehe 1 Januari. Baba, mama, shangazi, wote Januari mosi. Aliyepewa FNU asikae nayo maisha yote: mahakama hubadilisha jina, na unapoomba uraia kuna sehemu ya kuomba jina jipya kwenye fomu ileile.

Kinachonitisha zaidi tunajifanyia wenyewe. Huku tunajuana kwa Baba Neema, Mama Asha, Chidi, Mzee wa Tanga. Baba Neema anaanguka kazini, anakimbizwa hospitali, na wenzake wanapiga simu wakimuulizia Baba Neema. Kwenye kompyuta hayupo. Sheria za faragha hazimruhusu karani kubahatisha. Wenzake wanazunguka hospitali hadi hospitali, na yeye amelala ghorofa ya tatu na jina la kubuni mkononi.

Kwa waliofariki jambo ni zito zaidi. Serikali ya hapa imekadiria kwamba kila mwaka hupatikana miili kama 4,400 isiyotambuliwa, na kiasi cha 1,000 kati yake hubaki hivyo hata baada ya mwaka mmoja. Mahali anapozikwa maiti ambaye hakuna aliyekuja kumchukua, wao hupaita konde la mfinyanzi, maneno ya Injili ya Mathayo: lile konde lililonunuliwa liwe pa kuzikia wageni. Kule New York ni kisiwa cha Hart, ambako watu zaidi ya milioni moja wamezikwa tangu 1869. Wengi wao majina yao yalijulikana. Waliokosekana ni ndugu.

Aliyepotelewa na mtu aingie NamUs, mfumo wa taifa wa waliopotea na wasiotambuliwa. Kutafuta ni bure. Na wewe unayekaa nyumba moja na wenzako, muulize kila mmoja leo jina lake lilivyoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na namba ya mtu wake wa nyumbani. Simu zina sehemu ya dharura inayosomeka bila kufunguliwa. Wajazieni wazee ambao hawajui pa kubonyeza.