Ewe Kangaruu: nilivyokitafuta kiima cha Kiwarlpiri hadi kwenye kamba ya nguo

Ndiyo, ni mimi yule wa "Ewe Kangaruu". Jina hilo nilibatizwa darasani kwa kosa nililolifanya kwenye Kiwarlpiri, lugha ya wenyeji wa Australia, saa nne asubuhi, mbele ya wenzangu kumi na wawili na mhadhiri aliyejitahidi asicheke, akashindwa. Nimeamua kulisimulia mwenyewe kwa kuwa nimeshapona, na kwa kuwa aliyenizamisha bado anagawa ushauri ule ule kwa wanaoingia mwaka wa kwanza wa uzamili.

Tulikuwa na kazi ya semina: tueleze jinsi lugha za wenyeji wa Australia na Amerika zinavyoonyesha "mimi", "wewe" na "yeye" vikiwa kiima, yaani mtenda wa sentensi. Mwenzetu mmoja aliyenitangulia mwaka akaniambia, "Kaka, usijitese. Kariri jedwali la viwakilishi, halafu kwenye kila sentensi kitafute kiwakilishi. Ukikikosa, andika kimedondoshwa." Nilimwamini kwa sababu anaongea taratibu, na mtu anayeongea taratibu huonekana anajua.

Kimedondoshwa! Hebu niambieni, anayesema "ninalala" amedondosha nini? Ni- iko pale pale mwanzoni mwa kitenzi. Mwanaisimu Matthew Dryer alipozipanga lugha 711 kwa jambo hili, 437 kati yake zilikuwa zinaibandika nafsi ya kiima kwenye kitenzi, kama tufanyavyo sisi. Zinazolazimisha kiwakilishi kisimame peke yake, mtindo wa Kiingereza, zilikuwa 82. Lakini vitabu tulivyosomea vinawafanya hao 82 barabara kuu na sisi wengine vichochoro.

Nilianza na Kinahuatl cha zamani, cha Meksiko, na hapo ndipo kiburi kilipoanzia. Nicochi ni "ninalala". Ticochi, "unalala". Nikafika kwenye nimitztlazohtla: ni- ni mimi, -mitz- ni wewe unayetendwa, kisha mzizi wa kupenda. Nikaandika chini yake "ninakupenda", nikakata vipande, nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu. Mtenda, mtendwa, mzizi, foleni ile ile! Hata ni- yenyewe imefanana na yetu, ingawa ni bahati tu. Msianze kuniletea habari za mabaharia wa Kilwa waliofika Meksiko. Nilijikwaa padogo, kwamba "yeye" hana alama yoyote: cochi peke yake ni "analala". Pia majina nayo hubeba nafsi, kwa hiyo nicihuatl ni "mimi ni mwanamke", sentensi nzima ndani ya neno moja. Jioni moja tu nikawa nimemaliza. Nikanunua chipsi mayai kujipongeza.

Kisha nikafungua Kiwarlpiri.

Hiki ni cha jangwani, Northern Territory ya Australia, huko Yuendumu na Lajamanu. Mwanaisimu Ken Hale alikishughulikia miaka mingi, na sentensi zake zimezunguka dunia nzima ya isimu. Niliyopangiwa na shetani ilikuwa hii: Ngarrkangku ka wawirri pantirni. Nikaikata. Ngarrka, mwanaume. Ka, jambo linatendeka sasa. Wawirri, kangaruu. Pantirni, kuchoma kwa mkuki. Kikabaki kipande kimoja, -ngku. Nikakimbilia jedwali nililokariri, na kweli lilikuwa nalo: -ngku ni "wewe", mtendwa. Ushahidi ninao, kwa sababu karnangku nyanyi ni "ninakuona": ka, halafu -rna ya mimi, halafu -ngku ya wewe. Safi kabisa. Kwa hiyo tafsiri yangu, kwa wino, ikawa: "Mwanaume anakuchoma mkuki, ewe kangaruu."

Ningeishia hapo aibu ingekuwa ndogo. Nikaongeza ukurasa mmoja na nusu kuhusu desturi ya wawindaji kuzungumza na mawindo yao. Nikaeleza hata heshima iliyomo kwenye kumwambia mnyama kabla ya kumuua. Nilisoma hayo kwa sauti ya taarifa ya habari. Mhadhiri akauliza taratibu, "Na kangaruu alijibu nini?"

Ukweli ni kwamba -ngku ziko mbili. Moja ni ile ya "wewe". Nyingine ni lebo inayoshonwa kwenye jina la mtendaji anapomtenda mwingine; mwanaume kavaa lebo kwa sababu ndiye mwenye mkuki, kangaruu hana. Neno likiwa refu lebo hubadilika kuwa -rlu, kama katika nyuntulurlu kanpaju ngaju nyanyi, "wewe unaniona". Angalieni: -npa ya wewe mtenda na -ju ya mimi mtendwa zimekaa pamoja kwenye ka, mbali na kitenzi nyanyi, huku nyuntulu na ngaju zikiwa zimetajwa tena kamili kwa mkazo. Na "yeye" hana kipande, ndiyo maana ka ya yule mwindaji ilikuwa tupu. Nilikuwa namtafuta mtu ambaye lugha yenyewe haimwekei alama, na jedwali halikunionya.

Niliporudi nyumbani sikula. Tunaishi nyumba ya kupanga, Sinza, wapangaji watano, uani kuna kamba moja ya nguo inayogombewa kuliko bafu. Nikaiangalia ile kamba, nikaona kitu. Kesho yake nikanunua dazeni mbili za vibanio, elfu tatu na kitu, labda nne, sikumbuki. Maboksi ya sabuni nilipewa bure dukani. Nikakata kadi, kila neno kadi yake. Lebo za -ngku na -rlu nikazipiga pini kwenye kadi ya mtendaji, zisibanduke, kwa sababu lebo haiachani na nguo yake. Ka nikaifanya kibanio cha bluu, kisichobana neno lolote. Hicho kinaning'inizwa peke yake, na vikaratasi vidogo vya nafsi vinabanwa ndani yake.

Nikaanika: Ngarrkangku, kibanio cha bluu, wawirri, pantirni. Nikaanua, nikaanika upya: Wawirri, bluu, pantirni, ngarrkangku. Tena: Pantirni, bluu, ngarrkangku, wawirri. Zote ni yale yale, mwanaume anamchoma kangaruu, hakuna anayebadilishana zamu.

Mama mwenye nyumba akatoka na beseni lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeanza kufua maboksi?"

Nikamweleza kidogo, nikijua hatanielewa. Akasimama, beseni kiunoni, akaniangalia nikihamisha kadi mara mbili tatu. Halafu akasema, "Nguo zako zinahama zote. Hicho cha bluu mbona kiko pa pili siku zote?"

Jamani. Nilikuwa nimesoma maneno "nafasi ya pili" mara nne, kwenye kurasa nilizotoa fotokopi kwa kama elfu kumi, na hayakuniingia hata chembe. Nafsi za Kiwarlpiri hazikungojei kwenye kitenzi. Zimekaa pa pili katika sentensi, chochote kitakachotangulia, kiwe mwanaume, kangaruu au kitenzi chenyewe. Dryer aliziona lugha 32 tu, katika zile 711, ambazo nafsi ya kiima inajibandika kwenye neno linalobadilika-badilika namna hii. Kwa hiyo kama unasaka ni- ya Kiwarlpiri kwenye mzizi wa kitenzi, utasaka mpaka uote mvi. Kikaratasi kimoja nilikitia wekundu kwa ajili ya -rna, na hapo nikagundua utamu mwingine: ngaju karna purlami, "ninapiga kelele", ngaju hana lebo kwa kuwa hamtendi mtu, nikisema ninakuona, lebo inarudi, ngajulurlu karnangku nyanyi. Kadi inavaa na kuvua lebo, lakini -rna kwenye kibanio haijali. Inafanya kazi kama ni- yetu, uwe unalala au unampiga mtu.

Kilakota, cha wenyeji wa Marekani, nilikimaliza haraka, ila nina neno na walimu wa sekondari. Wengi tulifundishwa kwamba -na- ya "anacheza" ni kiambishi kati. Basi nendeni Kilakota mkakione kiambishi kati cha kweli: máni ni kutembea, mawáni ni "natembea". Wa- ya "mimi" imepasua mzizi na kuingia tumboni. Ni kama tungesema "che-ni-za". Kadi ya máni ilibidi niikate kwa mkasi.

Mjukuu wa mama mwenye nyumba, wa darasa la tatu hivi, alikuwa ameshakuwa msaidizi wangu wa kushika vibanio. Jioni moja mama akatangaza uani, "Luku imeisha, tutanunua kesho." Wapangaji wote kimya. "Tutanunua" ni nani? Yeye na sisi, au yeye na familia yake? Nikamwambia Kiwarlpiri kisingemruhusu kujificha hivyo: -rlipa ni sisi pamoja na wewe unayeambiwa, -rnalu ni sisi bila wewe. Wakechua wa Ayacucho, Peru, nao wanatenga: rimanchik, tunasema sote, rimaniku, tunasema sisi, wewe haumo. Akajibu, "Basi ni hiyo ya sote." Ikabidi tuchange.

Lakini kilichomfurahisha mama kuliko vyote ni Kilardil, cha kisiwa cha Mornington, Queensland, Australia. Kule "sisi wawili" huangalia vizazi. Ndugu, au bibi na mjukuu wake, wana umbo moja. Mama na mtoto wake wana jingine, kwa kuwa wamepishana kizazi kimoja. Ken Hale aliliandika hilo mwaka 1966. Mama akamvuta mjukuu wake, ambaye humwita "mume wangu" tangu akiwa mchanga, akasema, "Hao wanajua. Mimi na huyu tu rika moja, mama yake ndiye mtu mzima humu." Nimesoma makala kadhaa kuhusu Kilardil na sijakuta ufafanuzi mfupi kuliko huo.

Kwenye marudio ya semina nilifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye ubao. Mhadhiri akaniuliza kuhusu mwanaisimu Eloise Jelinek, aliyedai mwaka 1984 kwamba vile vipande vya kibanioni ndivyo kiima na yambwa (mtendwa) halisi, na majina kama ngarrka ni nyongeza tu. Nikamjibu kwa Kichewa, ndugu yetu wa Kibantu huko Malawi, kilivyochambuliwa na wanaisimu Bresnan na Mchombo, 1987, ambako kiambishi cha kiima kinaweza kuwa upatanisho au kiwakilishi kamili kulingana na sentensi. Akaandika kitu. Nikapata B+, na ile "+" najua imetoka kwenye kamba.

Yule wa "kimedondoshwa" alikuja baadaye kuniazima kadi. Nikamwambia zimelowa mvua, na kweli nyingine zililowa; pantirni haionekani tena. Vibanio vimeishia kwa mama. Juzi nimepita uani nikakuta kile cha bluu kimebana soksi ya mjukuu, ya pili kutoka ukutani.