Kamera ya mamilioni, kazi za buku mbili: Jumamosi yangu ya harusi

Saa 11 alfajiri. Umeme umekatika, na simu imezimika kwa sababu niliilaza kwenye chaja ikisubiri umeme huohuo. Natoa kamera kwenye begi, nafungua picha ya shela niliyoipiga kwa karibu, nyeupe tupu skrini nzima, napandisha mwanga hadi mwisho. Kwa shela hiyo naoga, navaa, naokota memori kadi iliyoangukia chini ya kitanda. Kamera yenyewe ni Canon 5D Mark III. Ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 3,499 bila lenzi. Mimi niliichukua mtumba, lakini hata kwa bei ya mtumba sidhani kama Tabata kuna tochi inayoifikia.

Saa 1 asubuhi. Umeme umerudi na mama mwenye nyumba yuko mlangoni, kashika rimoti ya king'amuzi.

"Baba, hebu ipime hii kabla hujaondoka."

Nawasha skrini ya nyuma, naye anaelekeza rimoti kwenye lenzi na kubonyeza. Rimoti ikiwa nzima, kile kitaa chake cha mbele huonekana kikimweka zambarau hafifu. Ni mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Mbele ya sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, kuna kichujio cha kuuzuia, ila kidogo hupenya. Leo giza. "Betri zimekwisha, mama." Anashukuru na kwenda dukani. Ubaya ni kwamba amekwishatangaza kwa wapangaji wote kuwa kwangu kuna kipimo. Wameleta rimoti za feni, za redio, na jirani mmoja alileta ya gari. Nikamweleza kwamba ya gari hutumia mawimbi ya redio, kamera haiwezi kuiona. Akaniangalia kama fundi anayetafuta kuongezewa hela.

Saa 2 na nusu. Kituoni. Lenzi yangu ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70-200, ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na imepakwa rangi nyeupe ili isishike joto juani. Ukiivuta hadi 200, kitu kinaonekana kikubwa mara tatu hivi. Naisoma daladala ingali mbali kule. "Makumbusho," natangaza. Waendao Kariakoo wanarudi kivulini bila kuniuliza mara mbili.

Saa 4. Nyumbani kwa bibi harusi. Chumba kina kioo kimoja na bibi harusi amekikalia, kwa hiyo wapambe wanajipanga mbele ya lenzi yangu. Kioo chake cha mbele ni kipana kuliko kile cha kwenye poda zao, nao wanapaka lipstiki humo. "Mbona natoka kijani?" analalamika mmoja. Dada yangu, wahandisi wametumia miaka mingi kukipaka kioo hicho tabaka juu ya tabaka ili kisirudishe mwanga. Hicho kijani na zambarau unachokiona ni kile kidogo kilichowashinda.

Bibi mzaa mama yuko pembeni na gauni lenye kifungo kilichotoka. Uzi haupiti kwenye sindano.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisaidie, macho yangu yamechoka."

Yangu pia hayakuwa na nguvu asubuhi hiyo. Nachomoa lenzi ya milimita 50, ile ya f/1.2 (hiyo ni namba ya tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana), naigeuza nyuma mbele na kuisogeza karibu na sindano. Ikigeuzwa hivyo inakuwa kioo cha kukuzia, kitu kinaonekana kama mara tano ya ukubwa wake. Bibi akapitisha uzi mara moja, akaipenda, akauliza bei. Nilipomtajia, alinirudishia kwa mikono miwili.

Saa 7 mchana. Kanisani nilipiga picha. Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa, kwa hiyo haina la kusimulia. Baadaye tulienda Coco Beach, ambako tripodi ilitundikiwa koti la bwana harusi.

Saa 12 jioni. Ukumbini kuna kizaazaa: keki ya ghorofa tano na meza iliyoinama. Mpambaji anasema imenyooka, mwenye keki anasema itaanguka, na wote wawili ni watu wazima. Kamera hii ina pimamaji ya ndani. Naiweka mezani, nawasha, mstari mwekundu. Mwekundu maana yake mwenye keki yuko sahihi. Mtu wa kamati anakunja kadi ya mchango na kuisukuma chini ya mguu wa meza, bado. Ya pili, bado. Kadi ya tatu ikaufanya mstari kuwa kijani, na mweka hazina akasema angalau hizo zimechangia kitu.

Saa 2 usiku. Nasaha. Mjomba amekamata maikrofoni na haonyeshi dalili ya kuiachia. MC ananikonyeza: mpige flashi, ajue muda umekwisha. Nikampiga. Mjomba akarekebisha tai na kuanza upya, tangu bibi harusi alipokuwa chekechea. Nikapiga nyingine, akageuka upande wake mzuri. Tulichukua muda kuelewa kwamba flashi ndiyo iliyokuwa mafuta yake. Nilipoishusha kamera na kuifunika lenzi, alimaliza kwa sentensi mbili. Sasa MC huyu hanikonyezi tena, ananionyesha kifuniko.

Saa 4 usiku. Sisi wa mitambo hula mwisho, na mwisho wakati mwingine ni wali mkavu. Kwa hiyo 70-200 inarudi kazini. Mtu wa video yuko begani mwangu: "Kuku?"

"Sinia moja. Vipapatio vingi."

"Ndafu?"

"Kichwa."

Kwa mbali tunaonekana mafundi makini tunaotafuta pembe nzuri. Mwenye sherehe alifurahi sana kutuona tukipiga picha chakula chake, akaagiza tupewe sahani mapema. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi bora ya f/2.8 ya lenzi hiyo katika mwanga hafifu.

Saa 6 usiku. Shangazi amepoteza pochi. Nafungua picha za tangu saa 1, nakuza, nafuata meza hadi meza. Tunaikuta kwenye kiti cha wakwe, chini ya kitenge. Wakwe wanacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Saa 7 usiku, ndani ya bajaji. Bwana harusi ananiandikia: "Kaka, nirushie moja niweke status sasa hivi." Picha zina pikseli milioni 22 na laptopu iko nyumbani. Nafanya tunavyofanya wote: natoa simu yangu yenye kioo kilichopasuka na kuipiga picha skrini ya kamera. Natuma.

Jibu linakuja kabla hatujafika Buguruni: "Mbona ina ukungu? Kaka, tafuta kamera nzuri."