Maswali yanayonifuata kutwa: siku moja ya mwalimu wa baiolojia Moshi

Saa 11:30 alfajiri ninatoka nyumbani, ukungu ukiwa bado umelalia migomba. Bibi jirani yangu, mpika mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, ananisubiri njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kwa nini nikitia ndizi moja mbivu kwenye zile ninazovundika, zote huiva upesi?"

Ninamweleza kwamba tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, inayoyachochea matunda ya jirani yaive nayo, na kwamba majani makavu anayofunikia huizuia gesi hiyo isipotee. Ndani ya ndizi wanga hugeuka sukari, ambayo baadaye huliwa na chachu ya mbege. Anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua kabla sijazaliwa.

Saa 2 asubuhi, Kidato cha Pili. Mwanafunzi ambaye baba yake ni mpagazi anauliza kwa nini watalii huumwa kichwa mlimani ilhali baba yake hubeba mzigo huku akiimba. Kwenye kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni bado ni takriban asilimia 21 ya hewa kama hapa mjini, ila mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza nusu tu ya oksijeni. Mwili hujibu kwanza kwa kuhema haraka. Kisha figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, kazi ya majuma kadhaa. Apandaye mara kwa mara huanza na akiba. Hata hivyo ninasisitiza kwamba mpagazi naye huugua, na kwamba akianza kupepesuka, dawa ya kwanza ni kushuka, si kuvumilia.

Saa 6 kuna kikao cha walimu, kirefu kuliko ajenda yake.

Saa 8 mchana, nyuma ya maabara, tunakata mgomba uliokwisha kuzaa. Panga linazama kama kwenye sifongo, na utomvu unaacha madoa ya kahawia kwenye mashati meupe, madoa ambayo wazazi watanilaumu kwayo. Kwenye kipande kilicholazwa tunaona ala za majani zilizokumbatiana, kila moja ikiwa na vyumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki, na katikati kijiti cheupe kilichobeba mkungu. Mgomba, basi, si mti: hauna ubao, na shina lake halisi limo ardhini. Methali husema mgomba haushindwi na mkunguwe, lakini kila mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, hukata mti wenye panda wa kuutegemeza.

Saa 12 jioni bibi ana swali jingine: ikiwa mgomba hufa ukishazaa, ule wa babu yake umefikaje leo? Ninamwonyesha chipukizi ubavuni mwa gogo. Halikutokana na mbegu. Ni mwili uleule wa mama, uliohamishwa kutoka shimo hadi shimo.

Ananikabidhi ndizi tatu, moja tu ikiwa mbivu, na kuniagiza nizifunike pamoja.