Kunguru wa Nuhu

Baba mdogo amesema kaka ni kunguru wa Nuhu, na tangu Jumamosi neno hilo halijanitoka.

Mahari ya mdogo wangu imepokelewa, mama ameruhusiwa hospitali, namshukuru Mungu kwa yote. Lakini kila nikikaa kusahihisha madaftari naisikia ile sauti. Mshenga alikuwa keshaondoka, tumebaki wa nyumbani na majirani. Shangazi akauliza, "Na huyu wa Sauzi, hata simu?" Nikamwambia, "Alipiga asubuhi, shangazi. Ruhusa ndiyo imekuwa ngumu." Baba mdogo, macho kwenye sahani yake ya pilau, akasema: "Huyo ni kunguru wa Nuhu. Njiwa alirudi na jani mdomoni. Kunguru aliondoka moja kwa moja."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anakunja pindo la khanga yake, analikunjua, analikunja tena.

Baba mdogo ni mzee wa kanisa, hajibiwi mbele za watu. Namjibu hapa.

Mwanzo 8, pale Nuhu anapowatoa ndege safinani baada ya gharika, haisemi kunguru alipotea. Inasema alitoka, akawa akiruka huko na huko mpaka maji yalipokauka. Huko na huko! Chini ni maji matupu, pa kutua hapana, na yeye yuko angani. Njiwa alirudi, ni kweli: mara ya kwanza bila kitu, mara ya pili jioni, na jani bichi la mzeituni. Basi tusome na mstari wa 12. Mara ya tatu njiwa naye hakurudi, na sijawahi kusikia mahubiri ya kumlaumu. Kwa Hosea 7:11 Efraimu anafananishwa na njiwa huyo huyo, mjinga asiye na akili: leo anaiita Misri, kesho anakimbilia Ashuru.

Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, waliliona hili zamani. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho yao, kitabu cha Sanhedrini, ukurasa wa 108, kunguru anambishia Nuhu: kwa nini mimi? Walio safi umewaingiza saba saba, sisi najisi wawili wawili. Nikifa huko kwa jua au kwa baridi, dunia si itakosa kunguru? Hapo nilifunga kitabu. Nilimwona kaka anapanda basi la Tunduma, njia ya Sauzi, begi moja, shati la baba limempwaya mabegani. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Baba ameshazikwa, ada zetu hazijalipwa, na mkubwa ni yeye.

Najua baba mdogo angenitolea Mithali 30:17, kunguru wa bondeni wanavyong'oa jicho linalomdhihaki baba. Ipo. Na Walawi 11 inamweka kati ya ndege wasioliwa, sibishi. Lakini Eliya alipojificha penye kijito cha Kerithi, wakati wa Ahabu, nani walitumwa kumlisha? Kunguru hao hao wasioliwa, mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni. Na dawa za presha za mama, kila mwisho wa mwezi, zinanunuliwa kwa hela ya nani?

Jumanne usiku nilikuwa nampaka mama dawa ya miguu. Akaniomba nimsomee chochote. Nikafungua Ayubu 38, nikafika pale Mungu anapouliza ni nani anayempatia kunguru chakula, makinda yake yakimlilia Mungu. Mama akanishika mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kumbe hata makinda yake Mungu anayasikia," kisha akataka simu, akajirekodi mwenyewe, akamtumia kaka mstari mzima kwa sauti yake ile ya kwaya. Kaka akajibu palepale, usiku ule, anacheka na huku kama analia: "Mama, hiyo nimeihifadhi." Sijamwona mama akicheka hivyo tangu alazwe. Nilikwenda kulala mwepesi kabisa.

Leo asubuhi nimeamka nikiimba. Sasa mwenye nyumba kapiga simu, anasema Jumamosi atapita "tuongee kidogo". Kodi tumelipa mpaka Juni na risiti ninayo. Jirani wa chumba cha nyuma anasema naye kapigiwa, na kuna watu walionekana uani wanapima kwa futi kamba. Mama hata ngazi bado hapandi vizuri, nitamhamishia wapi?